Rudi, Nafasi Ipo

"Rudi, rudi, nafasi ipo," mwongozaji aliita kutoka nyuma, na dereva mpya akarudi, mpaka mkia wa lori ukaigonga nguzo ya ghala na taa ikamwagika chini vipande vipande.

Haikuwa ajali ya kumtoa mtu roho. Taa moja imevunjika, bati limebonyea, nguzo imechubuka rangi. Lakini dereva alikuwa bado kwenye majaribio, na kazi mbili kabla ya hii zilikuwa zimeshamponyoka. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na baba mkwe alishatamka wazi kwamba binti yake hatarejea kwa mwanamume anayefukuzwa kazi kila kukicha. Dereva akateremka na hasira za kuwatosha watu wawili.

Mwongozaji huyo alikuwa mzee ambaye madereva wote walimwita Kioo. Aliendesha malori ya kampuni hiyo miaka mingi, kisha akaomba mwenyewe ashushwe cheo awe anawaelekeza wenzake. Utaratibu wa pale ulikuwa mmoja tu: ukirudi nyuma kupakia mzigo, unafuata sauti ya Kioo, wala hujiamini mwenyewe.

Tangu siku ya kwanza mzee alimchukia. Ndivyo dereva alivyoona. Akimpungia, mzee anatazama kando. Akimnyooshea mkono wa salamu, mkono unabaki ukining'inia hewani mpaka unaona aibu wenyewe. Juzi walipishana mlangoni mwa kantini na mzee hakugeuza hata shingo. Kikulacho ki nguoni mwako, dereva alijiambia, na hiki cha kwake kilikuwa kimevaa sare ya kampuni kabisa.

Meneja alitoka ofisini amekunja uso. Alikuwa mtu asiye na huruma na miili ya watu. Wiki hiyohiyo alimwachisha kazi mpakiaji mmoja kwa sababu ya maumivu ya mgongo, akamwambia ghala si hospitali. Wagomvi, ajabu, aliwavumilia. Aliwasimamisha, wakapoa, wakarudi.

Alipouliza ni nani aliyemharibia gari, dereva alimwaga yote: dharau, salamu zilizokataliwa, jinsi mzee anavyompita kama gogo la njiani.

"Alisimama palepale kwenye nguzo, bosi," akamalizia. "Au ataniambia hakuiona?"

Meneja akamgeukia mzee na kumwuliza kama hilo ndilo jibu lake, kwamba hakuiona nguzo. Kioo alipangusa viganja kwenye suruali, taratibu, mara mbili tatu.

"Niliiona vizuri sana," akasema. "Nilimrudisha makusudi. Simpendi kijana huyu, na lori hilo zamani nililiendesha mimi."

Meneja alimtukana mbele ya wote, akamsimamisha kazi hadi mwisho wa mwezi, na kumwambia akirudi arudi na adabu. Wapakiaji walimzomea. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyake. Dereva aliambiwa aendelee na kazi.

Alipaswa kumshukuru Mungu na kunyamaza. Lakini chuki ikishapata ushindi mmoja hutaka wa pili. Alitangulia nje ya geti akasimama kando ya barabara kuu, malori na mabasi yakipita kwa fujo, huku akiyapanga maneno atakayompa yule mzee. Alitaka yamuume mpaka afike nyumbani kwake.

Mzee alitoka na mfuko wake kwapani, akitembea polepole. Dereva alimkatia njia, akafunga mikono kifuani, akamkazia macho bila kusema. Alitaka mzee ndiye aanze, ili amjibu vizuri. Walikuwa karibu kiasi cha kusikiana pumzi.

Mzee alisimama. Kwa mara ya kwanza alitabasamu, akapunguza sauti.

"Samahani, ndugu yangu," akasema. "Yule dereva mpya yuko karibu hapa? Kama hayupo, nishike mkono univushe barabara."