Jibu Lisilokuwemo Kwenye Orodha

Sanduku lilimwambia katibu wa kamati aende akamtake radhi shemeji yake, na jibu hilo halikuwemo kwenye orodha.

Fundi aliisoma orodha mara mbili, amesimama katikati ya kanisa. Majibu yalikuwa arobaini, yamepigwa chapa vizuri, kuanzia "Umesamehewa, nenda kwa amani" hadi "Samahani, sijakusikia". Shemeji hakutajwa popote.

"Sasa tuambie, fundi," mwenyekiti wa kamati alisema. "Ni ubovu au ni muujiza? Ukisema ubovu, kesho tunaling'oa, linakuja jipya. Ukisema muujiza, Jumapili tunalivika joho na kulisimika kuwa mzee wa kanisa. Joho limeshashonwa."

"Mikono ya joho ndiyo iliyotusumbua kushona," katibu alisema.

"Ngoja nilitazame kwanza."

Sanduku lilisimama pembeni, refu na pana kama kabati la nguo. Mbele palikuwa na kiti, pazia, na matundu ya kusemea. Lilinunuliwa mwaka juzi lisikilize toba, mchungaji mzee alipostaafishwa. Watu walikuwa wamemlalamikia kwamba anawajua mno. Ukimweleza kosa lako, anakuuliza mama yako anaendeleaje, halafu wiki nzima ukimwona sokoni unatamani ardhi ipasuke uingie. Alipewa saa ya ukutani, akapigiwa makofi, akaenda zake. Sanduku halikujui wala haliendi sokoni. Tangu lije, foleni ya toba ilifika getini.

Mama mfagiaji alikuwa kando ya Sanduku, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mwanangu, liacheni hivi hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Lisivikwe, lisitolewe."

"Kumbe na wewe mama ni mteja wake?"

"Mimi nafagia tu. Lakini nawaona wanavyoingia, na nawaona wanavyotoka."

Fundi aliketi, akavuta pazia. Alikuwa na sentensi yake ya kujaribia, ile ile kwa kila mtambo wa toba: "Nimesema uongo." Jibu lake lilikuwa namba tatu, "Tubu, usirudie." Likija ndani ya sekunde mbili, mtambo ni mzima.

"Nimesema uongo," aliyaambia matundu.

Alihesabu sekunde kumi na moja, akaandika kwenye karatasi yake: Linachelewa.

"Uongo gani?" Sanduku liliuliza.

"Wowote. Najaribu tu."

"Ulimwambia nani?"

Fundi aliitazama orodha. Halafu, kwa kuwa pazia lilikuwa limefungwa na mbele yake palikuwa na mbao tu, alisema, "Mama yangu. Akinipigia simu namwambia mtandao mbaya, nakata. Huu mwaka wa tatu."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa simu na mitambo."

Sanduku lilitoa mlio mfupi wa kukwaruza. Fundi aliandika: Spika ina vumbi.

"Humpendi?"

"Nampenda. Ila ataniuliza nakwenda lini nyumbani, na mimi sina jibu."

"Basi mwambie huna jibu. Mpigie sasa hivi. Mimi sina haraka."

Alipiga. Alisema maneno machache, akasikiliza mengi, akajifuta uso kwa orodha ya majibu.

"Leo mtandao mzuri," mama yake alimwambia kabla ya kuagana.

Alipofungua pazia aliwakuta mwenyekiti na katibu wamesogea mpaka usoni pake.

"Fundi amelia," katibu alisema. "Ni muujiza."

"Linaliza watu," mwenyekiti alisema. "Ni ubovu."

"Sijalifungua bado. Rudini nyuma, lina umeme."

Walirudi nyuma mpaka mlangoni. Fundi alichukua bisibisi, akazunguka upande wa nyuma wa Sanduku. Mama mfagiaji alikuwa ameshafika, ameuweka ufagio mbele yake kama kizuizi cha barabarani.

"Nakuomba, mwanangu," alinong'ona. "Likivikwa joho, watu wataliogopa. Likiletwa jipya, litawajibu kwa orodha. Vyovyote vile, hawatakuwa na pa kusemea tena."

"Mama, kuna waya humo unaotoa majibu ambayo hakuna aliyeyaandika. Lazima niuone."

Mama mfagiaji aliyatazama macho ya fundi, yaliyokuwa bado mekundu. Akauondoa ufagio.

Skrubu zilikuwa nne, nazo zilifunguka kwa urahisi, kama zilizozoea. Fundi alikishika kifuniko kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu.

Waya zote zilikuwa zimetafunwa na panya, kitambo. Mchungaji mzee alivuta miguu yake nyuma, na ndara zake, ili fundi aone vizuri.

Huko mlangoni kamati ilisikia skrubu zikikazwa, moja baada ya nyingine, zote nne. Kisha fundi akatokea na kuwakabidhi karatasi yenye sahihi yake: "Mtambo mzima. Usivikwe, usisogezwe, usifunguliwe. Uongezewe mto wa kukalia."