Kizibo cha Mwisho

Katika darasa la jioni, mwalimu alimwaga mezani vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, akatenga vitatu: K, G na V.

"Neno refu la Kiingereza lenye hizi zote. Atakayekosa anarudi darasa la chini."

Mama Nsia akafumba macho, akaomba.

"Amina haina V, mama," akamtania jirani yake, Elisamia.

Ndipo vidole vya Mama Nsia vikakumbuka kitambaa cha madhabahu alichokidarizi kwa ibada ya mavuno, akifuatisha mchoro, kabla hajajua kusoma. Kilikuwa na neno moja la Kiingereza, refu, la shukrani. Akapanga vizibo kama anayeshona, herufi baada ya herufi: THANKSGIVIN.

G ya mwisho haikuonekana. Akaweka kidole mahali pake. Elisamia akainama kuitafuta chini ya meza.