Daftari la Konokono

Mwanakheri aliliweka mezani daftari lake, lililovimba kwa maji ya mashamba ya mpunga alikochunguza konokono waenezao kichocho kwa miaka tisa. Profesa Mgeta hakulifungua. Macho yake yalikuwa kwenye alama za shahada ya kwanza ya Mwanakheri.

"Takwimu ulipata C, binti yangu. Nafasi ya uzamivu hatuwezi kukupa."

"Mwaka jana uliponipigia simu nikakuhesabie konokono wa utafiti wako, Profesa, mbona hukuniuliza habari za C?"

Profesa alikohoa, akanyoosha mkono. "Basi daftari tuachie. Litatusaidia."

Mwanakheri alilinyakua daftari, akalikumbatia kifuani, na tope kavu likapukutikia fomu nyeupe za profesa.