Njooni Mwone Nguvu ya Utupu

Tangazo la tatu nalo lilikuwa limebanduliwa. Ukutani ilibaki pembe moja tu ya karatasi. Mwalimu wa fizikia aliinyofoa kwa kucha, akaifinya kiganjani, akaelekea ofisi ya Mkuu wa Chuo huku akifoka peke yake. Alipofika hakubisha hodi.

Mkuu alikuwa akimsubiri. Alimwambia kwa upole kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru matangazo yatolewe, na kwamba mhadhara wa Jumamosi umefutwa. Kulikuwa na barua ya malalamiko kutoka kwa mzazi.

"Mzazi wa mwanafunzi gani?"

"Hakutaja mwanafunzi."

"Analalamikia nini?"

Mkuu alikohoa. "Utupu."

Jumamosi hiyo mwalimu alikuwa ameihangaikia kwa udi na uvumba. Darasani kwake walibaki wanafunzi saba, na uongozi ulishamwambia kuwa wasipofika ishirini kufikia mwisho wa muhula, fizikia inafungwa. Ndiyo maana aliandika kwa herufi kubwa, NJOONI MWONE NGUVU YA UTUPU KWA MACHO YENU, na chini yake akaweka picha yake mwenyewe akitabasamu, ili watu wajue wanaitwa na nani.

Alianza kumfundisha Mkuu kama mtoto wa darasa la kwanza. Chukua chombo, toa hewa yote, toa vumbi, toa mwanga, toa joto. Kinachobaki ndicho utupu. Na utupu huo si bure, una nguvu yake. Wataalamu wengi wanashuku kwamba ndiyo inayosukuma magalaksi, yale makundi makubwa ya nyota, yazidi kuachana, wakati uvutano unahangaika kuyarudisha pamoja. Wakiikokotoa, jibu linatoka kubwa mno kuliko linalopimwa angani, na hakuna duniani anayejua kosa liko wapi.

"Swali kubwa kuliko yote tuliyonayo," alisema, "na wewe umelifuta kwa sababu kuna mtu amewaza nguo."

Mkuu akauliza kama hawezi kubadilisha neno. Si kuna ombwe?

"Ombwe nani analijua? Watadhani ni ugonjwa wa mifugo."

Mkuu hakucheka. Barua alikuwa ameilalia kwa kiwiko, na mwalimu alipoinyooshea mkono, akaisogeza mbali. Alisema mwandishi aliomba asitajwe, kwamba ni mtu mzima, ameandika kwa uchungu wa kweli, na heri wayaache yaishe.

Hapo ndipo mwalimu alipowaka. Miaka kumi na moja alikuwa amekula vumbi la chaki katika chuo hiki. Harusi za kwao zilimpita, misiba ikampita, yote kwa ajili ya kazi. Leo mtu mmoja, ambaye hata maana ya neno hajui, anamharibia kila kitu kwa kipande cha karatasi. Aliipiga meza ngumi mpaka kalamu zikaruka.

"Mjinga wa namna hii naye amezaa? Nampa pole mtoto wake."

"Hata mimi," alisema Mkuu, akitazama chini.

Mwalimu aliinyakua barua. Ilikuwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua na kuanza kuisoma kwa sauti, kwa kejeli, bila kuitazama vizuri.

"Mheshimiwa Mkuu. Majirani wameniletea tangazo lenu kwenye simu na wananicheka. Huyo mnayetaka avue nguo mbele ya watu..."

Sehemu iliyobaki aliisoma kimya, amesimama palepale.

"...nimemzaa mimi. Nampigia, hapokei. Kama ni njaa iliyomfikisha huko, mwambieni kwamba mama yake bado yuko hai. Arudi. Kitanda chake nakitandika kila siku."