Kaburi la Uani

Kombo alirudi kutoka vitani kwa magongo, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Mama yake alipomwona mlangoni hakumkimbilia. Alishika ukuta, akateremka taratibu mpaka akakaa chini.

"Tulikuzika, mwanangu," alisema. "Waliniletea jeneza, wakanikataza kulifungua."

Akamwonyesha uani. Kaburi lilikuwa limefagiliwa vizuri, udongo ungali na unyevu wa maji aliyoyanyunyiza asubuhi.

Kombo alilitazama kwa muda mrefu. Siku bomu lilipowaangukia, rafiki yake Nasoro alikuwa akitetemeka kwa homa, naye Kombo alikuwa amemvika koti lake mwenyewe lenye jina kifuani.

"Huyu ni Nasoro, Mama. Kwao bado wanamngoja."

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai."

Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Kisha akainuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Nipeleke kwake," alisema.

Wakashika njia polepole. Kombo alitangulia na magongo yake, asijue atasema nini mlango ule utakapofunguliwa.