Fyuzi ya Bibi Harusi

Fyuzi ya redio na taa za mapambo kwenye pikipiki yake ilipoungua mara ya pili, Shomvi alikunja ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, akaichomeka mahali pake. Muziki ukarudi, na bodaboda wenzake wakashangilia kwa honi. Leo alikuwa anampeleka dada yake kwa mume.

Mwanahija akatoka, shela likiburuzika. Shomvi akapangusa kiti. Kilikuwa cha moto, na chini yake palinuka waya unaoungua.

Akakifungua, akaichomoa karatasi. Muziki ukakatika, taa zikazimika.

"Kaka! Nakwenda harusini au msibani?"

"Panda," alisema, akipuliza kidole kilichoungua.

Mwanahija akakitazama kile kidole, akakusanya shela mapajani, akapanda. Bibi harusi hupigiwa vigelegele. Huyu alijipigia mwenyewe, na honi zikaitikia.