Risasi Yenye Rangi ya Kucha

Risasi ya kwanza niliyopiga ilipasuka kama yai juu ya bega la nyati. Bunduki ilikuwa na risasi alizonunua mume wangu, nyepesi na za kasi, alizozisifu wiki nzima. Zangu, nzito, zisizovunjika hata zikigonga mfupa, nilizipaka rangi nyekundu ya kucha tusije tukazichanganya. Alinicheka. "Mama watoto, unazipeleka harusini?"

Nyati alikuwa ameshamchoma mume wangu pembe pajani, na sasa alikuwa akimsaga kwa ubavu kwenye ukuta wa zizi. Damu ilijaa kwenye buti lake la mpira mpaka ikamwagika.

Nilitia moja nyekundu. Hiyo ingefika moyoni, kisha ingetokea upande wa pili. Na upande wa pili alikuwa yeye.

"Baba watoto, inapita hii."

Aliniangalia juu ya mgongo wa mnyama. "Ya harusini?"

"Ndiyo."

Nilisikia ubavu ukivunjika, na haukuwa wa nyati.

"Basi piga," alisema, akavuta tumbo ndani kama mtu anayepimwa suruali.

Nikafyatua.